Kilichofichwa Kati ya Ringi na Tairi

Fundi akivua tairi la baiskeli ya mbio, akatoa tyubu na kubandua utepe uliolala chini yake, anakutana na matundu. Ringi ya kuta mbili yenye spoku 24 ina matundu 24 kwenye sakafu yake, mbali na lile la vali, na kila moja limetobolewa kwa upana wa kupitisha nati ya spoku pamoja na kifaa cha kuikazia: milimita 8 hivi, wakati mwingine 9. Tyubu ikijazwa upepo wa psi 100, kila sentimita mraba ya sakafu hiyo inabeba msukumo wa kilo 7. Tundu la milimita 8.5 lina eneo la zaidi kidogo ya nusu sentimita mraba. Hesabu ni fupi: juu ya kila tundu pana kilo 4 zinazosukuma mchana na usiku, na kinachozizuia zisiitumbukize tyubu shimoni ni utepe wenye uzito wa gramu chache.

Wanunuzi wengi huanzia upande mwingine. Husoma kwamba tyubu fulani ina gramu 23 na nyingine gramu 75, wakalinganisha gramu na bei, wakachagua, na utepe wakaridhika na ule uliokuja na ringi. Kwa baiskeli ya mbio, hapo mambo yamepinduliwa kichwa chini. Utepe ndio unaoamua ringi inaweza kupewa tyubu nyepesi kiasi gani, kwa sababu kadiri ngozi ya tyubu inavyopungua unene, ndivyo kila ukingo mkali na kila mwanya uliosahaulika unavyogeuka pancha.

Mazoea ya mafundi wa Afrika Mashariki yanaweza kumpotosha mwenye baiskeli ya mbio hapa, ingawa ni mazoea yenye akili. Kwenye zile baiskeli kubwa nyeusi, Raleigh na Phoenix, za kubebea maziwa, mkaa na abiria, ringi ina ukuta mmoja tu. Nati ya spoku hukaa ndani ya tundu na kuliziba. Kinachotishia tyubu ni kichwa cha nati na ncha ya spoku iliyochomoza. Ukanda wa mpira, mara nyingi uliokatwa kwenye tyubu iliyochoka, unatosha kabisa. Hakuna shimo la kutumbukia, na upepo wenyewe ni wa wastani. Ukanda huohuo ukihamishiwa kwenye ringi ya kuta mbili na upepo mkali, mpira unafanya kazi yake ya asili, yaani kunyumbuka. Unabonyea juu ya kila tundu, tyubu inaufuata, na baada ya siku kadhaa inapasuka kwenye ukingo wa alumini. Inaweza kupasuka hata usiku, baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani na mwenyewe amelala.

Kwa miongo mingi jibu la mafundi wa Ulaya lilikuwa utepe wa pamba wa Velox, bidhaa ya Ufaransa. Ni kitambaa kilichofumwa kwa kubana, chenye gundi upande mmoja, na tundu la vali limeshatobolewa tayari. Huzungushwa mara moja tu. Sifa yake kubwa ni kwamba haunyumbuki, na joto la breki haliulainishi. Mwendesha baiskeli anayeteremka mlima mrefu huku akibana breki za ringi hupasha ringi moto hadi isishikike kwa mkono. Utepe wa plastiki duni huanza kulegea na kuzama matunduni, ule wa pamba hubaki ulivyo. Kasoro zake ni za kawaida za kitambaa. Hunywa maji ya mvua, gundi yake huacha uchafu unaokera kuutoa, na ni mnene.

Unene huo una gharama ambayo haionekani kwenye mizani. Katikati ya ringi kuna mfereji, na mfereji huo ndio unaomwezesha mtu kuvalisha tairi: kingo za tairi zikisukumwa ndani yake upande mmoja, upande wa pili zinapata nafasi ya kuruka ukuta wa ringi. Utepe mnene hupandisha sakafu ya mfereji, hata kama ni kwa nusu milimita. Kwenye ringi za siku hizi zilizotengenezwa kwa vipimo vya kubana, nusu milimita hiyo inatosha kumfanya mtu mzima atokwe jasho, achukue chuma cha kung'olea tairi, na kwa chuma hicho aitoboe tyubu mpya ambayo hata haijaguswa na barabara.

Ndiyo maana utepe mwembamba wa plastiki umetawala. Kampuni ya Marekani ya Stan's NoTubes iliuza utepe wake wa njano kwa ajili ya matairi tyubulesi, yaani yanayotumika bila tyubu, na watumiaji wa tyubu wakauchukua kwa sababu ni mwepesi, haunyumbuki kirahisi na hauchukui nafasi. Kampuni ya Ujerumani ya Tesa hutengeneza utepe wa njano, namba 4289, uliokusudiwa kufungia mizigo na kuzuia vitu visitawanyike safarini. Mafundi wa baiskeli wengi huukata kwa upana wanaoutaka na kuutandaza kwenye ringi. Kazi ya kuvuta mzigo na kazi ya kuziba tundu zinahitaji sifa ileile, ukaidi wa kutonyumbuka.

Kwa baiskeli yenye tyubu na upepo unaozidi psi 80, mizunguko miwili ya utepe wa aina hii ni busara. Mzunguko wa sakafu ya ringi ya 700c haufiki mita 2, kwa hiyo mita 4 hivi zinatosha gurudumu moja. Ringi hufutwa kwanza kwa spiriti hadi mafuta yote yatoke. Utepe huanzishwa matundu mawili kabla ya vali na kumalizikia matundu mawili baada yake, ukivutwa kwa nguvu wakati wote, kwa sababu utepe uliolazwa kilegevu hujikunja pembeni tyubu inapoanza kutanuka. Tundu la vali lisikatwe kwa wembe. Mkato wa wembe una ncha, na ncha ndiyo inayoanzisha mchaniko. Msumari uliopashwa moto huyeyusha tundu la mviringo lenye ukingo mgumu ambao hauchaniki.

Upana una hila yake. Ringi iliyoandikwa 622x17 ina milimita 17 kati ya kuta zake za ndani, na mnunuzi aliye na haraka hudhani kwamba utepe wa 17 ndio jibu. Utepe wa kitambaa ukiwa mpana kiasi hicho hupanda mabega ya ringi, mahali ambapo kingo za tairi zinatakiwa kukaa, na tairi halitulii sawasawa. Ukiwa mwembamba mno, huteleza upande na kuacha nusu ya tundu wazi. Kwa kitambaa, upana mzuri ni ule unaojaza mfereji na kufunika matundu yote kwa akiba ya milimita kadhaa kila upande, bila kupanda bega. Plastiki nyembamba ina uhuru zaidi. Inaweza kutoka ukuta hadi ukuta bila kumsumbua mtu.

Kuna njia mbili nyingine, zote nzuri kwa mwenye kuhesabu gramu. Ya kwanza ni vizibo vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila tundu, maarufu kwa jina la Veloplugs. Vinabanwa mahali pake na kukaa, na ringi nzima inakuwa imezibwa kwa uzito unaoshindana na utepe mwepesi kuliko yote. Ila tundu lazima liwe la kipimo kinachokubaliana na kizibo, na fundi hana budi kupitisha kidole kwenye matundu yote kabla hajaanza. Ya pili ni kununua ringi isiyo na matundu. Mavic ya Ufaransa iliitengeneza kwa baadhi ya magurudumu yake ya Ksyrium: ukuta wa juu, ule unaolaliwa na tyubu, haukutobolewa matundu ya spoku, spoku zikashikwa na ukuta wa chini peke yake. Hakuna utepe, wala sababu ya kuwa nao. Cha kushangaza ni kwamba wako wanaouweka hata hivyo, kwa mazoea tu.

Baada ya hapo ndipo zamu ya tyubu inafika.

Mpira mweusi ambao kila mtu anaujua ni wa butili. Ulivumbuliwa mwaka 1937 katika maabara ya Standard Oil ya New Jersey na wakemia William Sparks na Robert Thomas, na vita ya pili ya dunia ilipoitenga Marekani na mashamba ya mpira ya Asia, butili ikachukua nafasi ya mpira wa asili ndani ya magurudumu. Sifa iliyoipa ushindi ni uchoyo wake: molekuli zake zimeshonana kiasi kwamba hewa hupenya polepole sana. Tyubu ya kawaida ya butili kwa tairi la milimita 23 au 25 ina gramu 100 hivi. Ile nyepesi hufuata kemia ileile, ila ngozi yake ni nyembamba zaidi. Katika familia ya tyubu za kampuni ya Continental, kwa mfano, Race 28 ya kawaida hukaribia gramu 100, ile iliyoandikwa Light iko karibu na 75, na Supersonic hushuka hadi 50 hivi.

Hiyo ya 75 pengine ndiyo ununuzi wenye akili kuliko wote dukani. Bei yake imepanda kidogo tu, inazibwa kwa kiraka na solusheni kama tyubu nyingine yoyote, na haidai pampu kila asubuhi. Ya 50 ni nyembamba kiasi cha kuonyesha mwanga ikivutwa, na haina msamaha. Chembe ya alumini iliyobaki kwenye ringi tangu siku ilipotobolewa kiwandani, ambayo tyubu nene ingeilalia mwaka mzima bila kudhurika, huitoboa hii kabla ya wiki kwisha.

Lateksi ni mpira wa asili, utomvu wa mti wa mpira, na tyubu zake hutengenezwa kwa kuchovya umbo ndani ya utomvu huo badala ya kuukamua mpira kwenye mashine. Uzito wake uko kati ya gramu 75 na 85 kwa tairi jembamba, yaani haishindi butili nyepesi. Anayeinunua kwa ajili ya mizani amepotea njia. Thamani ya lateksi iko katika ulaini. Gurudumu likizunguka, sehemu ya tairi inayogusa lami hubonyea na kurudi, na tyubu hubonyea na kurudi pamoja nayo. Butili hula sehemu ya nguvu hiyo na kuigeuza joto. Lateksi huirudisha karibu yote. Vipimo vya maabara kwenye ngoma zinazozunguka huonyesha tofauti ya wati kadhaa kwa jozi ya magurudumu, nguvu ambayo mpanda baiskeli anaipata bure kila dakika anayokuwa barabarani, tambarare na mlimani. Lateksi pia hutanuka ikiguswa na mwiba mdogo badala ya kutobolewa mara moja.

Lakini hewa haiheshimu lateksi. Gurudumu lililojazwa jioni huwa limelegea asubuhi kiasi cha kuhisika kwa kidole gumba, na pampu lazima itoke kabla ya kila safari. Mafuta na jua huiozesha. Na hakuna tyubu inayodai utepe safi kuliko hii, maana ulaini uleule unaoipa kasi huifanya ipenye kila mwanya: pembe ya utepe iliyoinuka, ukingo wa tundu la vali, tundu moja lililobaki wazi kwa milimita 2. Poda ya talki ikipakwa kidogo kabla ya kuivalisha huisaidia isishikane na tairi na kujikunja.

Kundi la tatu ni geni. Tyubu za TPU, plastiki laini ya jamii ya poliurethani, zilianza kupata soko kubwa baada ya Tubolito ya Austria kuingia mwaka 2017 na tyubu zake za rangi ya chungwa. Mwaka 2020 Schwalbe ya Ujerumani ikaleta Aerothan, iliyotengenezwa kwa malighafi ya BASF. Tyubu ya Tubolito ya baiskeli ya barabarani ina gramu 39 hivi, Aerothan 41, na ile ya Tubolito iitwayo S-Tubo-Road hushuka hadi 23, chini ya robo ya butili ya kawaida. Hewa haitoki haraka kama kwenye lateksi. Bei nayo haina aibu: kwa fedha ya tyubu moja ya kampuni hizo mtu hununua nne au tano za butili, ingawa viwanda vya China vimeshaanza kuuza za aina hiyo kwa bei ya kibinadamu.

TPU ina desturi ambazo mikono iliyozoea mpira huzikiuka bila kujua. Fundi wa kawaida hupuliza tyubu nje ya tairi ili atafute pancha ndani ya beseni la maji. TPU ikipulizwa hivyo kupita umbo lake hutanuka na hairudi tena, ikabaki ndefu kuliko tairi lenyewe. Vali nyingi ni za plastiki na hazipendi pampu ya kutingishwa. Penye vali ndipo udhaifu hukaa, pale plastiki ngumu inapoungana na laini, na tundu la vali lenye ncha kali hukata mahali hapohapo. Utepe tena.

Sasa gramu zenyewe zina thamani gani? Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza Septemba 2025, mjini Kigali, na kwenye mzunguko wake kulikuwa na mwinuko wa mawe wa Kimihurura, kilomita 1.3. Tuchukue mtu anayeupanda kwa kilomita 20 kwa saa, akiwa na baiskeli yake jumla ya kilo 75, ambaye ameondoa tyubu za gramu 105 na kuweka za gramu 35. Amepunguza gramu 140 kwenye magurudumu mawili, chini ya sehemu moja katika mia tano ya mzigo wote. Kupanda kunamchukua dakika 4, na faida yake kileleni haifiki nusu sekunde. Wapo wanaodai kwamba uzito wa pembezoni mwa gurudumu huhesabiwa mara mbili. Ni kweli, lakini kwa muda mfupi wa kuongeza kasi pekee. Kwenye mlima unaopandwa kwa mwendo uleule, gramu ya tyubu ina uzito sawasawa na gramu ya maji ndani ya chupa. Wengi wa waendesha baiskeli wa kulipwa waliopita pale Kigali hawakuwa na tyubu kabisa, kwa kuwa tyubulesi imeshawateka wakubwa. Hata hivyo, mwaka 2020 kampuni ya Specialized ilitoa magurudumu yake ya bei kubwa, Roval Rapide CLX na Alpinist CLX, kwa matairi ya tyubu tu.

Nusu sekunde si kitu cha kudharau kwa mshindani, na wepesi wa gurudumu unahisika mkononi hata kama saa haiuoni. Ila kwa mtu asiyefukuzia medali, wati za lateksi zina uzito kuliko gramu za TPU, na kutopata pancha kuna uzito kuliko vyote viwili.

Breki zinapunguza chaguo kabla mnunuzi hajafungua pochi. Ringi ya kaboni inayobanwa na breki haitawanyi joto vizuri kama alumini, na watengenezaji kadhaa wa ringi hizo wamekataza lateksi waziwazi. S-Tubo-Road imetengenezwa kwa breki za diski peke yake. Aerothan inauzwa kwa aina zote mbili. Mwenye ringi za alumini na breki za diski ana uhuru wote. Mwenye kaboni na breki za ringi, anayeishi mahali penye miteremko mirefu, butili nyepesi inamtosha na usingizi anaupata.

Vipimo vya tyubu navyo visichezewe. Wako wanaochukua tyubu ya tairi la milimita 18 hadi 25 na kuivalisha kwenye tairi la 32 ili wapunguze gramu 20. Inaingia, inajaa, na inafanya kazi, huku ngozi yake ikiwa imevutwa na kuwa nyembamba kuliko ilivyokusudiwa na hewa ikitoka haraka zaidi. Urefu wa vali nao una uzito: ringi yenye kina cha milimita 50 inahitaji vali inayofika 80, na vali ndefu hurudisha gramu kadhaa zilizonunuliwa kwa gharama.

Pancha ikitokea, tyubu yenyewe hueleza kosa lilikuwa wapi, mradi isitupwe haraka. Tundu likiwa upande wa nje, unaogusa tairi, mwiba au kigae kimepita na pengine bado kimo. Matundu mawili yanayokabiliana, mithili ya alama za meno ya nyoka, yanasema upepo ulikuwa mdogo na gurudumu likagonga shimo au jiwe. Tundu upande wa ndani, unaolalia ringi, ni shtaka dhidi ya utepe. Tyubu huwekwa juu ya gurudumu, vali kwenye tundu lake, na mahali palipopasuka panapatikana bila kubahatisha. Kubadilisha tyubu bila kugusa utepe hapo ni kununua pancha ileile mara ya pili.

TPU ina mahali pamoja ambapo haina mpinzani, napo si ndani ya gurudumu. Ikikunjwa haijazi hata kiganja, kwa hiyo hukaa kama akiba kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, au mbili zikaingia kwenye kifuko kilichokuwa kikibeba butili moja. Anayeibeba abebe pia viraka vyake maalumu, kwa sababu kiraka cha mpira na solusheni ya kawaida havishiki juu ya plastiki hiyo. Na kama anatumia kimtungi cha gesi ya kaboni dioksidi kujazia barabarani, akumbuke kwamba gesi hiyo hupenya ngozi ya butili na ya lateksi upesi kuliko hewa: inamfikisha nyumbani, lakini kesho yake gurudumu hulazimika kutolewa gesi yote na kujazwa upya kwa pampu.